Yumo au Hayumo

Kanuni ya watoto ishirini na wanne niliitunga mimi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu nimekuwa nikisikia watu wakimbebesha Padri lawama zake, naye alishafariki, hawezi kujitetea.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Boti ziliingia kutoka Burundi, ziliingia kutoka Kongo, na Kigoma ikajaa magari meupe na watu wanaouliza njia. Makanisa nayo, kila moja lilianzisha kundi lake la skauti, maana vijana walikuwa wengi na shughuli haba. Mjini tulikuwa na kundi, Ujiji walikuwa nalo, dogo lakini lenye ngoma kubwa, Mwandiga, na Simbo. Mimi nilikuwa nauza vitenge sokoni. Wazazi wangu walitoka ng'ambo ya ziwa zamani, kabla kutoka ng'ambo hakujawa jambo la kuandikiwa fomu. Parokia ilinifanya mlezi wa skauti baada ya kugundua kwamba nikiondoka na watoto thelathini kwenda matembezi, narudi na thelathini. Mlezi aliyenitangulia alikuwa akirudi na "karibu wote."

Padri aliyesimamia vijana akaja na wazo la baraza. Kila kundi lilete kiongozi wake mmoja, kijana, si mlezi. Wakutane Kigoma Jumamosi moja kila mwezi, wapange matembezi, wapange kazi za kujitolea, waamue ugomvi wao wenyewe.

"Na sisi wakubwa," alisema, "tutanyamaza."

Hicho ndicho kipengele pekee ambacho hakikupata kutekelezwa.

Hofu yangu ilikuwa vigango, vile vikanisa vidogo vya vijijini. Kila kigango chenye watoto saba na filimbi moja kingedai kiti, na kundi langu la mjini lingemezwa. Kwa hiyo nikasema kundi lisilofika watoto thelathini na wawili lisipewe kiti. Walezi wa Mwandiga na Simbo wakapiga kelele, kama nilivyotaka wapige. Nikashuka hadi ishirini na wanane nikionyesha uchungu, kisha ishirini na wanne, yaani vikosi vitatu vya watu wanane wanane, nikajifanya nimeshindwa. Ishirini na wanne ndiyo namba niliyotoka nayo nyumbani. Padri akanipa kalamu, nikaandika: "Kundi liwe na wanachama walioandikishwa wasiopungua ishirini na wanne." Nilijua uzito wa kila neno katika sentensi ile, au nilidhani najua.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka kambi moja ya wakimbizi, huko bara. Kanisa la kambini lilikuwa na kundi la skauti ambalo hatukulijua. "Tuko ishirini na wanne. Tunaomba kiti," iliandikwa, kwa mwandiko ulionyooka kama umepigiwa rula. Aliyesaini alikuwa kiongozi wao, msichana wa miaka kumi na saba. Padri akaenda kuzungumza na mkuu wa makazi, akarudi na jibu: mjumbe wa baraza atapewa kibali cha kutoka kambini mara moja kwa mwezi, kufika Kigoma na kurudi siku hiyo hiyo. Asiye mjumbe asiombe. Siku zile kibali hicho kilikuwa kitu kikubwa. Watu walikaa kambini miaka bila kuliona tena ziwa walilovuka.

"Nenda ukawahesabu," Padri akaniambia. "Wewe huhesabu mara mbili."

"Mara mbili ni vitenge, Padri. Watu ni mara tatu."

Nilifika kambini saa sita kasoro, kwa pikapu ya parokia. Mwalimu wao alinipokea chini ya turubai. Alikuwa Mrundi wa makamo, aliyejifunza Kiswahili Ujiji ujanani mwake, na alikisimamia kwa ukali wa mtu aliyekipata kwa shida. Kwake, mtoto aliyechanganya yupo na yuko alikuwa ametenda dhambi ndogo. Aliwaimbisha kila asubuhi: yupo, ninapomwona; yuko, nisikokujua; yumo, ndani. Mimi niliyezaliwa na lugha hii sikuwahi kuipa nidhamu ya namna hiyo. Sokoni kwetu mtu akisema "yupo" maana yake ametoka, atarudi.

"Kiongozi wao anakitamani sana hicho kiti," mwalimu akaniambia tukitembea kwenda uwanjani. "Ana shida yake huko bandarini."

Sikuuliza shida gani. Ukimuuliza mteja shida yake unaishia kumpunguzia.

Walikuwa wamepanga mistari mitatu. Skafu zao zilikatwa kwenye magunia ya unga wa msaada, na herufi za buluu zilikuwa zimebaki shingoni, huyu ana nusu ya neno, yule ana nusu nyingine. Walikuwa wasafi kuliko watoto wangu. Jua lilikuwa utosini kabisa, kivuli cha kila mmoja kimejificha chini ya miguu yake. Upepo haukuwepo. Kambi ya maelfu ya watu ina kelele zake, lakini uwanja ule ulikuwa kimya kana kwamba mtu ameufunika na sufuria.

Katika mstari wa tatu, kati ya mtoto wa tano na wa sita, kulikuwa na pengo. Pengo la mtu mmoja, mwembamba.

"Mguu pande! Mguu sawa!" Msichana aliyesaini barua, mwenyewe wa kwanza mstarini, alitoa amri kwa sauti ya kawaida, si ya kupayuka. Visigino vikagonga ardhi, vumbi likaruka kidogo mbele ya kila mtoto. Likaruka na kwenye pengo. Nikajiambia ni vumbi la jirani.

"Hesabu namba!"

Mimi nina namna yangu ya kuhesabu watu. Naweka punje za mahindi mkononi. Sikio likisikia namba, punje moja inaingia mfuko wa kushoto. Jicho likiona kichwa, punje moja inaingia mfuko wa kulia. Mifuko ikikubaliana, na mimi nakubali. Wakahesabu, moja, mbili, tatu, haraka na kwa mpangilio, hadi ishirini na nne. Kushoto zikaingia punje ishirini na nne. Kulia zikaingia ishirini na tatu.

"Rudieni," nikasema.

Mwalimu akachekea puani. "Abana ntibaharurwa, Mama. Watoto hawahesabiwi. Wazee wetu wanasema ukiwahesabu unampa mtu habari."

"Mtu gani?"

"Yule asiyetakiwa kuzijua."

"Kwetu sokoni kisichohesabiwa huliwa, Mwalimu. Warudie."

Mara hii nilienda kusimama mbele ya pengo, karibu kiasi cha kulinusa. Kulia kwa pengo alikuwa mtoto wa ishirini na moja, mwenye kovu kidevuni. Kushoto alikuwa wa ishirini na tatu, msichana mdogo wa macho makubwa. Nikaangalia midomo yao, kama unavyoangalia vidole vya mpima kitambaa. "Ishirini na moja," akasema mwenye kovu, akafunga mdomo. Wa macho makubwa alikuwa amefunga wake. Na "ishirini na mbili" ikasemwa.

Ilisemwa mbele yangu, usawa wa kifua changu. Sauti ya mvulana, ile inayoanza kuvunjika, inayoanza nene na kumalizika nyembamba, ikajionea haya yenyewe. Halafu wa macho makubwa akasema ishirini na tatu, na wa mwisho mstarini akasema ishirini na nne.

Nywele za mikono yangu zilisimama zote, na hizo sikuzihesabu.

Nikatafuta ujanja uko wapi, maana nilikuwa na hakika ni ujanja. Miaka ile kila orodha ilikuwa na watu wa ziada. Mtaani kwetu, siku ya kugawa vyandarua, kaya ya watu watano ilikuwa na watu tisa na mgeni mgonjwa chumbani asiyeweza kuonyeshwa. Kwa hiyo sikukasirika. Niliwaza: hawa wamepungukiwa na mmoja, wamemfundisha mmoja wao kusema bila kufungua midomo, na wamefanya vizuri kuliko tunavyofanya sisi. Nilijiambia hivyo mara tatu.

"Soma majina," nikamwambia mwalimu.

Akasoma. Kila aliyesomwa akajibu "Nipo!" Alipofika kwa wa ishirini na mbili, mwalimu akasoma jina la mvulana, akasubiri. Watoto wakajibu kwa pamoja, bila kupaza sauti, kama wanaitikia sala:

"Yumo."

Na baada yao, kwa kuchelewa kidogo, sauti moja ikasema, "Yuko." Alikuwa kiongozi wao.

Mwalimu akaendelea na jina linalofuata.

Nilimwita msichana kwenye meza iliyokuwa kando ya uwanja. Akaja, akaniamkia, akasimama wima mikono nyuma.

"Huyu wa ishirini na mbili," nikamwambia. "Wenzako wanasema yumo, wewe unasema yuko. Fomu yangu ina nafasi ya neno moja."

"Yuko, Mama."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Ningejua ningesema mahali."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nilidhani napambana na mfanyabiashara mwenzangu. "Sikiliza, binti yangu. Mimi sikuja kuvunja soko lenu. Nikiandika yuko, Padri ataniuliza wapi, nami nitaanza kubabaika. Nikiandika yumo, haulizi. Orodha ni orodha: mtu yumo au hayumo. Sasa niambie. Yumo au hayumo?"

Akaitazama fomu.

"Akiwa hayumo?" akauliza.

"Mnakuwa ishirini na watatu, nami narudi mjini."

"Na kibali?"

"Kinabaki mezani kwa mkuu wa makazi."

Aligeuka akaliangalia pengo. Aliliangalia kwa muda mrefu, nami nikahesabu kimoyomoyo, nikafika arobaini. Nilifikiri ni aibu ya mtu anayejaribu udanganyifu wake wa kwanza, nikamwonea huruma ya kitaalamu. 

"Andika yumo," akasema.

Nikaandika. Kule kwenye mstari mtu akakohoa, na sikugeuka kuona ni nani.

Jioni nilipofika nyumbani nilimwaga punje mezani. Mfuko wa kushoto: ishirini na nne. Mfuko wa kulia: ishirini na nne. Nikarudia. Mwanangu akaniuliza kama nataka kupika makande, nikamwambia anyamaze, nikahesabu tena kwa kuzipanga mbili mbili. Nikasema nilikosea uwanjani. Ni mara chache sana nimesema hivyo maishani, na hata siku ile sikujiamini.

Baraza lilikutana mara ya kwanza Jumamosi ya kiangazi, alasiri, katika ukumbi wa parokia wenye madirisha yanayotazama ziwa. Ukungu wa moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeficha milima ya Kongo, kwa hiyo ziwa halikuwa na upande wa pili. Maji yalitulia kama mafuta yanayosubiri moto. Wajumbe walikuwa watano, pamoja na Padri na mimi tuliokuja kunyamaza: saba.

Mama wa jikoni akaleta chai, vikombe vinane.

"Tuko saba," nikamwambia.

"Nimechungulia mlangoni nikahesabu, Mama mlezi."

"Hesabu tena."

Akatuhesabu kwa kidole, akachukua kikombe cha nane, akasita akiwa nyuma ya kiti cha yule msichana wa kambini. Kisha akakirudisha kikombe mezani na kutoka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Padri akasoma orodha za makundi. Mjini, Ujiji, Mwandiga, sawa. Simbo: ishirini na watano, watatu hawakuhudhuria siku ya kuhesabiwa, wako shamba. Sawa. Akafika kambini.

"Ishirini na wanne," akasoma. "Ishirini na watatu wapo. Mmoja..." akasogeza karatasi karibu na miwani. "Mmoja yumo. Mama mlezi, yumo ndiyo nini?"

"Yumo kwenye orodha, Padri."

"Wote wamo kwenye orodha. Ndiyo maana inaitwa orodha."

Mjumbe wa Simbo, kijana mrefu mwenye mdomo mwepesi, akaingilia: "Labda yumo chunguni, Padri! Kambini maharage yakiiva..."

Wenzake wakacheka. Msichana akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama mezani kwangu.

"Yumo ziwani," akasema.

Kicheko kikakatika. Yule wa Simbo akabaki mdomo wazi, kisha akaufunga kwa mkono. Nje ya dirisha hakukuwa na wimbi hata moja, lakini nilisikia maji yakigonga kitu, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole.

Alieleza kwa maneno machache. Miaka mitano nyuma, walipokimbia, walifika ufukweni alfajiri, kwenye ukungu. Kulikuwa na boti mbili. Yeye alipandishwa ya kwanza, mdogo wake ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilijaa. Ya kwanza ilifika Tanzania. Ya pili hakuna aliyeiona tena. Kundi lilipoanzishwa kambini alimwandikisha mdogo wake pamoja naye, na wenzake wakamwachia nafasi ya kusimama. Ni yeye aliyewaomba. Hakuwa amewaomba wamhesabu.

"Na nani anayesema namba yake?" Padri akauliza taratibu.

"Hatujui, Padri. Mwanzo kila mmoja alidhani ni mwenzake."

Padri akavua miwani, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema alichopaswa kukisema. Anasikitika. Kijana ataombewa misa. Lakini kanuni ni kanuni, marehemu si mwanachama, na kundi la ishirini na watatu halina kiti. Atawaandikia kambini kwa upole.

Msichana akasema, "Sawa, Padri," akaanza kukusanya daftari lake.

Nami nilikuwa nimekaa pale, na sasa ndipo nilipowasikia. Watoto wale walifundishwa: yumo, ndani. Wao walipojibu yumo walikuwa wakisema ndani ya maji. Msichana peke yake ndiye aliyekuwa amekataa neno hilo, mbele ya wenzake wote, kila siku ya paredi. Halafu nikaja mimi na fomu yangu.

"Ngoja kwanza," nikasema. Padri akanitazama, tulikuwa tumekubaliana kunyamaza. "Binti, ulimwona akizama?"

"Hapana, Mama."

"Kuna aliyemwona?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini ulisema yumo?"

Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe ndiye uliyeniuliza yumo au hayumo. Mimi nilikuwa nasema yuko."

Nimeuza vitenge miaka mingi. Nimewahi kumuuzia mtu pande lenye doa nikalikunja doa likawa ndani. Lakini sijawahi kumtoza mtu kitu kama nilichomtoza msichana yule kwa ajili ya kibali cha siku moja: nilimfanya amzike mdogo wake kwa mdomo wake, kisha nikaondoka nikijipongeza.

Nikasimama. "Padri, orodha hii ina kosa, na kosa ni langu. Niliambiwa yuko, nikaandika yumo."

"Mama mlezi, binti mwenyewe amesema hapa, yumo ziwani."

"Amesema kilichoandikwa. Mwandishi ni mimi. Sasa tuje kwenye kanuni. Inasema wanachama waliohudhuria?"

 Padri alijua ninakokwenda; tumepatana naye bei za mishumaa na bendera miaka mingi.

"Inasema walioandikishwa. Simbo watatu hawakuwepo, wakaandikwa wako shamba, na umewapitisha kabla chai haijapoa. Huyu mmoja hayupo. Yuko."

"Yuko wapi?"

"Kanuni haiulizi wapi, Padri. Niliitunga mimi, naijua."

"Mama, miaka mitano!"

"Haiulizi na tangu lini."

Hapo yule wa Simbo akanyanyua mkono, nusu tu. "Padri, samahani kwa lile la chungu. Ila hata wetu, wawili ndio tunajua wako shamba. Wa tatu aliaga anakwenda kwa mjomba Uvinza. Mjomba yupo Simbo, na hajamwona."

"Basi na nyinyi mna tatizo," Padri akasema.

"Tuna ishirini na watano, Padri. Tukimtoa tunabaki salama. Lakini hatumtoi." Akamtazama msichana, akainamisha macho. "Mtu akiwa yuko, yuko."

Padri akatutazama mmoja mmoja, na nadhani alitazama pia kile kikombe. Kisha akachukua kalamu yake, akakata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake. Herufi ilibadilika moja tu. 

"Kundi la kambini lina kiti," akasema. "Endeleeni. Sisi tunanyamaza."

Kikao kilipomalizika zilibaki dakika kama hamsini kabla ya gari kumrudisha msichana kambini, nami nikamsindikiza bandarini. Sasa nilikuwa najua shida yake. Karibu na lango kulikuwa na ofisi ya shirika moja linalowatafutia watu ndugu zao, na kwenye ukuta wake wa nje ubao mrefu wa picha: watoto waliookotwa huku na huko bila wazazi, kila mmoja ameshika kibao chenye namba. Mamia ya nyuso, zote zikikutazama kwa pamoja. Ni watu wachache waliopita pale bila kuharakisha. Alinyoosha kidole, akaanza juu kushoto, akashuka picha kwa picha. Alikuwa anasimama kwenye watoto wadogo. Wenye meno ya mbele yaliyong'oka, wenye mashavu.

Akafika mwisho. Akaanza tena, mara ya pili. Nilimwelewa.

Hakuniangalia alipouliza. "Mama. Siku ile ulisimama mbele ya nafasi yake. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Mara ya kwanza kwa mbali. Ya pili kwa karibu."

"Sisi sote tunasikia. Lakini sisi tunamtarajia, masikio yetu hayana ushahidi. Wewe ulikuwa mgeni, tena ulidhani tunakuibia." Sasa akageuka. "Ilikuwa sauti ya namna gani?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa uwanjani. Niliona kwamba jibu langu litabaki naye, na kwamba sitalipata tena nikishalitoa. Kwa hiyo nikampa kama lilivyokuwa, sikuongeza wala sikupunguza: sauti ya mvulana, inaanza nene, inamalizika nyembamba, kama ya wavulana wangu wa kikosi cha kwanza wanaoona haya kuimba.



"Mdogo wangu alikuwa na sauti ya kifaranga," akasema. "Tulikuwa tunamcheka. Alikuwa na miaka tisa."

Winchi ya bandarini ililia mahali fulani, kisha ikanyamaza.  Jambo lile sikuwa na haki ya kulisema mimi.

"Anakua," akasema.

Akaingia ofisini nikimfuata. Karani alikuwa kijana mwenye usingizi. Akatoa jalada lake baada ya kulitafuta sana, maana lilifunguliwa kambini siku alipofika, na hakuna aliyeligusa tangu hapo.

"Nataka kurekebisha umri," msichana akasema.

"Hapa pameandikwa tisa."

"Futa. Andika kumi na minne."

"Nifute kwa ushahidi gani?"

Msichana akanitazama. Nikamwambia karani, "Tisa na tano ni ngapi?"

Karani akafikiri kidogo. "Kumi na nne," akasema polepole, kama hesabu hiyo haikuwahi kufanywa na mtu yeyote katika jengo lile. Kisha akainuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na albamu nyingine, ya wavulana wakubwa, waliookotwa wadogo wakapigwa picha upya. Hawa hawakuwekwa ukutani. Walikuwa na vivuli vya ndevu na macho ya watu wanaojitegemea.

Hakumwona siku ile, na sitadai vinginevyo. Lakini alipofungua ukurasa wa kwanza alivuta kiti akakaa, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameegemea chochote.

Nje, dereva akapiga honi. Nikatoka kumwona. Alinipa dakika tano, nikamwomba arobaini, tukaafikiana ishirini.